Kupanda katika udongo mkavu: uaminifu wa Mungu wakati jibu linapokawia

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, binti mmoja wa kwaya yetu alibaki nje ya kanisa mpaka watu wote walipotawanyika, kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu palepale. Alihitimu stashahada ya ualimu miaka sita iliyopita. Kila tangazo la ajira linapotoka huomba, na kila orodha ya waliopangiwa vituo inapotoka hulitafuta jina lake asilione. Siku hiyo tulikuwa tumeimba kwamba Mungu ni mwaminifu, naye ndiye aliyeuanzisha wimbo. Akaniambia, “Mwalimu, mimi naimba jambo ambalo sijaliona. Mungu ni mwaminifu kwa nani?” Nilimshika mkono, nikamwahidi kwamba tutazungumza, nikarudi nyumbani bila amani, kwa sababu swali lake ni langu pia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mwanangu wa kwanza aliondoka mwaka 2013 kwenda Chunya kutafuta dhahabu. Kwa miaka miwili alipiga simu kila mwisho wa mwezi. Tangu mwaka 2015 namba yake haipatikani, na wote tuliowauliza machimboni walisema alihama, ila hakuna aliyejua alikoelekea. Siandiki habari hii ili nihurumiwe. Naiandika ili msomaji ajue kwamba anayesema hapa habari za kungoja bado anangoja.

Nimezaliwa Rungwe. Anayeifahamu Tukuyu anajua kwamba kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima, migomba na chai havijui kiu, na mtoto hukua bila kujifunza kuitazama mbingu. Nilipopangiwa kufundisha Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, ndipo nilipoanza kuelewa mkulima ni mtu wa namna gani. Huko msimu wa mvua ni mmoja kwa mwaka. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ukikoma Aprili ndiyo basi mpaka mwaka mwingine. Mwenyeji wangu, mama mmoja wa Kihehe, alinichukua shambani kwake mwezi wa Novemba, ardhi ikiwa vumbi tupu, akaanza kufukia mahindi. Nilidhani anaharibu mbegu. Nikamuuliza kwa nini asingoje mvua inyeshe kwanza. Alinieleza bila kuacha jembe kwamba mvua ya kule ni fupi, na anayengoja kuiona ndipo aanze kupanda huzipoteza siku za mwanzo, kisha mahindi yake hukauka kabla ya kubeba. Mbegu inatakiwa iwe chini tayari, ili tone la kwanza liikute.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Sehemu ya mbegu ilifukuliwa na ndege na nyingine ikaliwa na mchwa. Yule mama alirudi shambani kurudishia, katika vumbi lilelile, na mbegu aliyoitumia ilitoka katika debe ambalo watoto wake walikuwa wakilitazama kila jioni. Nilimwona akiinua uso mara kwa mara kuelekea upande wa mashariki. Sikumsikia akisema kwamba mvua itanyesha siku fulani.

Nilikuwa nimeusoma Waraka wa Yakobo mara nyingi kabla ya hapo, lakini tangu siku ile ndipo nilipokielewa kipande kile kinachomtaja mkulima angojaye mazao ya nchi mpaka yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika nchi ya Yakobo mvua za kwanza zilianza takriban mwezi Oktoba, zikalainisha ardhi iliyokauka kwa jua la kiangazi, na za mwisho zilikuja kuelekea Machi na Aprili, zikajaza punje katika masuke. Mkulima wa kule naye alilazimika kuitoa nafaka ghalani na kuitupa ardhini muda mrefu kabla hajawa na hakika ya mvua ya pili. Kwa hiyo Yakobo anaposema tuvumilie hatuagizi kukaa barazani. Anamtaja mtu ambaye mikono yake imekwisha kufanya kazi yake, na kilichobaki hakimo katika uwezo wake.

Mara nyingi tunaposimulia habari za Abrahamu tunaruka kutoka kwenye ahadi hadi kwa mtoto, kana kwamba kati yake palikuwa na usiku mmoja tu. Kitabu cha Mwanzo hakifanyi hivyo. Kinatuambia kwamba alitoka Harani akiwa na miaka 75, kwamba Hajiri, mjakazi wa mkewe, alimzalia Ishmaeli alipokuwa na miaka 86, baada ya yeye na mkewe kuchoka kungoja, na kwamba Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Tena, kati ya ile miaka 86 na 99, maandiko hayatusimulii neno hata moja ambalo Mungu alimwambia. Ni miaka 13 ya kimya. Nimeipenda sana miaka hiyo ambayo hakuna anayeihubiri, kwa sababu inafanana na yangu.

Vilevile, ule mstari wa Yeremia sura ya 29 unaosema kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, mawazo ya amani, umeandikwa kwenye kanga, kwenye kalenda na kwenye vioo vya bajaji zetu. Mstari unaoutangulia sijawahi kuuona popote, nao unataja miaka 70. Maneno hayo yamo katika barua ambayo Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishiwa Babeli. Watu wazima waliosomewa barua ile huko Babeli walijua kwamba wengi wao hawatairudia Yerusalemu kwa miguu yao wenyewe. Na katika barua hiyohiyo waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ambao walihamishiwa kwa nguvu. Kwangu mimi huko ni kupanda katika udongo mkavu. Uaminifu wa Mungu kwao haukuwa tarehe ya karibu. Ulikuwa kwamba aliwaandikia, kwamba aliwajua walipo, na kwamba maisha yao ya ugenini hayakuwa muda wa kutupwa.

Hapo ndipo ninapoitenga imani kwa Mungu na imani katika tarehe. Tarehe ikipita, aliyeiamini tarehe hubaki bila kitu, naye hudhani kwamba amemkosa Mungu. Ningependa kusikia kutoka kwenu mliopita katika kungoja kwa muda mrefu: ni nini mlichofanya kwa mikono yenu wakati jibu halijaja?

Mchangiaji (Mafinga)

Kamwene, Mwalimu. Nimeusoma uzi wako mara mbili.

Mimi ni mkulima wa miti. Msindano ukitunzwa huchukua takriban miaka 18 hadi 25 kufikia ukomavu wa kutoa mbao nzuri, kwa hiyo sisi wa Mufindi tunaishi katika kungoja. Mtu anayepita barabarani akaona msitu umesimama kimya anaweza kudhani mwenye shamba amelala, kumbe miaka ya mwanzo anapalilia, baadaye anapogoa, kisha anapunguza miti ili iliyobaki ipate nafasi, na kila mwaka kiangazi kinapoanza kukaza anasafisha barabara za moto. Shamba ambalo halikusafishiwa barabara za moto linaweza kungojwa miaka 15 likateketea alasiri moja ya mwezi Oktoba. Nimeshuhudia jambo hilo kwa jirani yangu, na sikupata la kumwambia.

Lakini nina jambo linalonisumbua, na naomba unisaidie. Shamba langu la kwanza nililikata miti ikiwa na miaka 10, kwa kuwa watoto walirudishwa nyumbani kufuata ada. Mbao zilikuwa nyembamba na zilipinda zilipokauka, na mnunuzi alinipa bei ya mirunda. Siku ile mchungaji alihubiri habari za mfalme Sauli, aliyemngoja Samweli siku saba kule Gilgali, na alipoona watu wanatawanyika akaitoa sadaka yeye mwenyewe, na alipokuwa tu amemaliza Samweli akatokea. Nilitoka kanisani nikijiona kuwa Sauli. Sasa wewe unasema anayengoja afanye kazi. Nitajuaje ni wakati gani mkono wangu unapanda mbegu kavu kama yule mama wa Isimani, na ni wakati gani unakata mti kabla ya siku zake?

Mchangiaji (Mwanjelwa, Mbeya)

Shikamoo, Mwalimu. Naomba niseme wazi, wala sina nia ya kuvunja heshima.

Mimi nimeanza kuliogopa neno “mbegu”. Nilikuwa na akiba ya shilingi laki tatu, mtaji wa kuanzia biashara ya mitumba. Mtumishi mmoja aliniambia kwamba nikiipanda akiba hiyo madhabahuni, mlango wangu utafunguka ndani ya siku 21. Niliipanda. Siku 21 zikapita, na nilipomrudia aliniambia kwamba imani yangu ilikuwa na mashaka ndiyo maana mbegu haikuota. Nilipoteza mtaji, kisha nikaambiwa kwamba kosa ni langu.

La pili ni zito zaidi. Baba yangu aliugua miaka minne. Tulifunga na kuomba, naye mwenyewe aliomba mpaka sauti ilipokatika, akafa bila kupona. Wengine wanaongoja huja kupokea na kutoa ushuhuda. Aliyekufa akingoja hasimami mbele ya watu. Uaminifu huo niuweke wapi kwake?

Mchangiaji (Kilolo)

Nyongeza fupi. Huku kwetu kiangazi kinapofika na mashamba ya mlimani yanapokauka, tunashuka mabondeni kulima vinyungu. Kinyungu hakitoshi kulisha nyumba mwaka mzima, lakini maharage na mahindi mabichi yake hutuvusha miezi ya njaa mpaka mvua itakapokuja. Nadhani na roho inahitaji kinyungu chake: sala fupi, zaburi moja, kumtembelea mgonjwa. Wakati nilipokuwa nangoja hukumu ya kesi ya shamba kwa miaka saba, sikuweza kuomba sala ndefu. Nilikula kutoka kinyungu hicho.

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Asanteni sana. Nitaanza na kijana wa Mwanjelwa, kwa kuwa jeraha lake linavuja damu.

Marahaba, mwanangu. Naomba radhi kwa neno “mbegu”, maana nililitumia bila kufikiri limeumiza watu wangapi. Aliyekupa siku 21 si wa kwanza. Katika sura ya 28 ya kitabu hichohicho cha Yeremia yupo nabii aitwaye Hanania, ambaye aliwaambia watu hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vyote na mateka wote watarudi kutoka Babeli, kisha akaivua nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele yao. Kabla nira haijavunjwa Yeremia alijibu “Amina”, kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo, lakini hakuweza kuwapa watu tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Muda ulipopita, aliyeaibika hakuwa Mungu wala wale waliotumaini. Aliyeaibika ni yule aliyesema kwa jina la BWANA neno ambalo hakutumwa. Kwa hiyo usikubali kubebeshwa lawama ya mashaka. Mama wa Isimani aliipanda mbegu yake katika shamba lake mwenyewe, na ilipoharibika hakuna aliyemwambia kwamba ardhi imemkataa kwa sababu ya moyo wake.

Kuhusu baba yako, sina neno la kukifanya kifo chake kiwe chepesi, na nitakuwa nakudanganya nikijaribu. Naomba nikusimulie habari moja tu, ambayo sisi Wamoravian wa nyanda hizi tunaisimulia mara chache mno. Kanisa letu la kale lilianza mwaka 1457 huko Bohemia, katika nchi ya Czech ya leo, miongoni mwa watu walioyashika mafundisho ya kasisi Jan Hus, ambaye alichomwa moto mwaka 1415. Baada ya vita vya mwaka 1620 karibu na Prague kanisa hilo lilipigwa marufuku katika nchi yake, wachungaji wakafukuzwa, na waumini waliobaki wakaabudu kwa siri majumbani. Mmoja wa maaskofu wake wa mwisho, Jan Amos Comenius, aliishi uhamishoni maisha yake yaliyobaki. Aliomba, aliandika vitabu vya kufundishia watoto, alitunza utaratibu wa kanisa ambalo kwa macho halikuwepo tena, akafa Amsterdam mwaka 1670 bila kuona lolote likirudi. Wale waumini wa siri katika historia yetu wanaitwa mbegu iliyofichika. Mbegu hiyo haikuuzwa wala kununuliwa na mtu.

Miaka 52 baada ya kifo chake, mwaka 1722, wakimbizi wachache kutoka Moravia, jirani ya Bohemia, walivuka mpaka kuingia Saxony, katika Ujerumani ya leo, na kuanza kujenga kijiji cha Herrnhut katika ardhi ya kabaila aitwaye Zinzendorf. Mwaka 1727 walianza kuomba kwa zamu usiku na mchana, na zamu hizo ziliendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka 1891 wamisionari waliotoka huko walifika Rungwe. Mimi nilibatizwa Rungwe. Comenius hakukiona hata kimoja katika hivyo. Ninapousoma Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unaosema kwamba wale wote walikufa katika imani wasijazipokea zile ahadi, bali waliziona kwa mbali na kuzishangilia, ninamwona mzee yule katika kundi lao, na ninaamini baba yako yumo humo pia. Sala zake hazikufia katika koo lake. Kwamba zimefika wapi, wewe na mimi hatujaoneshwa.

Ndugu wa Mafinga, swali lako limenikesha. Hivi ndivyo ninavyoliona, na yeyote anaweza kunisahihisha. Yule mama aliifanya kazi iliyokuwa yake, akaiacha kazi ya mvua kwa mwenye mvua. Sauli aliishika kazi ya Samweli, na aliishika kwa hofu, kwa sababu alilitazama jeshi likipungua. Abrahamu na Sara walipomtumia Hajiri walimfanya mtu mwingine kuwa njia ya mkato, na aliyeumia zaidi ni yeye ambaye hakuwa na sauti katika shauri lile. Kwa hiyo mimi hujiuliza: jambo hili ninaloliharakisha, nani atalilipia? Kuhusu miti yako ya miaka 10, siwezi kuiita dhambi ya Sauli. Uliikata ukawarudisha watoto shuleni. Miti ilikuwa yako, ada ilikuwa ya haki, na hasara uliibeba wewe mwenyewe bila kumtwika mwingine. Nadhani mahubiri yale yalikuangukia mahali ambapo hayakukusudiwa.

Mchangiaji (Njombe)

Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Nami ni mama, ingawa sina mtoto. Tumekaa katika ndoa miaka 14.

Ninachotaka kusema kinawahusu wanaotuzunguka. Nimeambiwa “subira yavuta heri” na watu wengi kiasi kwamba nikiisikia methali hiyo mwili unanisisimka. Si kwamba ni ya uongo. Ni kwamba mara nyingi husemwa na mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Aliyenisaidia kuliko wote ni shangazi wa mume wangu, ambaye hakunipa methali yoyote. Kila ninapoalikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa mwenzangu, yeye huja asubuhi, tunavaa pamoja, tunakwenda pamoja, naye hukaa pembeni yangu ibada nzima.

Katika Injili ya Marko kuna Yairo, aliyemwendea Yesu kwa haraka kwa kuwa binti yake alikuwa kufani, na njiani Yesu akasimama kuzungumza na mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Wahubiri humtazama yule mwanamke, nami namfurahia, maana alikuwa amewamalizia waganga mali yake yote. Lakini mimi humtazama Yairo. Amesimama pale anaona mwenzake anajibiwa, na wakati huohuo watu wanatoka nyumbani kwake kumletea habari za msiba. Biblia haisemi alifanya nini wakati anangoja. Nami nimesimama mahali pale mara nyingi, katika ubatizo wa watoto wa wenzangu, na nimejifunza kwamba naweza kumshangilia mwenzangu huku machozi yananitoka, na kwamba Yesu hakumkemea Yairo kwa kuogopa. Alimwambia tu asiogope, kisha akaendelea kutembea naye.

Mchangiaji (Mwanjelwa, Mbeya)

Nimesoma, Mwalimu. Ile ya Comenius nitakaa nayo. Sijasema kwamba nimeridhika, lakini nitakaa nayo.

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Kaa nayo, mwanangu, wala usiharakishe kuridhika. Na mama wa Njombe, ndaga fijo, yaani asante sana; umesema jambo ambalo mimi na uzee wangu sikuwa nimeliona katika habari ile.

Nimekwisha kuzungumza na binti wa kwaya. Nilikwenda kwao Jumatano jioni, nikamkuta barazani na watoto saba wa majirani, anawafundisha kusoma, ubao wake ukiwa kipande cha mbao alichokipaka rangi nyeusi. Hakuna anayemlipa, mmoja wa wazazi humletea viazi. Nilimwambia kwamba nimefundisha miaka 34 na ninamtambua mwalimu nikimwona. Aliniambia kwamba kwa sasa hataweza kuuanzisha ule wimbo, kwa sababu hapendi kusema mbele za Mungu asichokisikia moyoni. Nikamwambia hilo nalo ni uaminifu. Tukafungua Zaburi ya 13, ambamo Daudi anauliza “hata lini” mara nne mfululizo kabla hajasema kwamba amezitumainia fadhili, na tukakubaliana kwamba Jumapili ijayo yeye atayasoma yale maswali manne kwa sauti mbele ya kanisa, na kwaya itanyamaza kidogo baada ya kila swali.

Aliponisindikiza aliniuliza mimi ninafanya nini wakati ninamngoja mwanangu, kwa kuwa nimewauliza ninyi nyote na mwenyewe sikujibu. Nilimwonesha simu yangu ndogo ya zamani, ya vitufe. Watoto wangu wengine wameninunulia simu kubwa yenye laini mpya, nami naitumia kuandikia hapa. Lakini ile laini ya zamani ndiyo namba pekee ambayo mwanangu aliikariri kichwani tangu akiwa sekondari, na laini isipotumika hufungwa na kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi naiwekea vocha ya shilingi mia tano, nampigia dada yangu aliyeko Tukuyu ili laini ionekane inatumika, na kila jioni kabla ya sala naichomeka kwenye chaji, naiweka karibu na mto, sauti ikiwa juu.